Columbus waenda Dallas, Julai 2007: safari ya ugenini ambayo rekodi ya 15-1 haikuweza kuieleza

Kwenye makaratasi mechi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Dallas Desperados walimaliza msimu wa kawaida wa 2007 wa ligi ya futiboli ya ukumbini ya Marekani (futiboli ya Kimarekani inayochezwa ndani, si soka) wakiwa wameshinda mechi 15 na kupoteza 1 tu. Columbus Destroyers walishinda 7, wakapoteza 9, na kuponea nafasi ya sita, ya mwisho kabisa ya kuingia mtoano katika upande wao wa ligi. Dallas walikuwa nyumbani na walikuwa wamepumzika, kwa sababu vinara hawakucheza raundi ya kwanza. Columbus walikuwa wametoka kupambana Tampa Bay na kuponea chupuchupu, 56-55. Wakapanda ndege tena, safari ya karibu kilomita 1,470 kutoka Ohio hadi Texas, wakawatoa Dallas 66-59.

Uchambuzi wa kawaida wa mechi ya ugenini huanza na msimamo wa ligi, unafuata majeruhi, kisha utabiri. Katika mchezo huu mpangilio huo unapotosha, na unapotosha zaidi pale timu moja inapoonekana kubwa sana. Tutaichukua safari hii ya Columbus na kuonyesha nini kilipaswa kuangaliwa kabla ya mpira kupigwa.

Kwanza uwanja wenyewe, maana kila kitu kinatokana na udogo wake. Jim Foster aliubuni mchezo huu mwaka 1981 alipokuwa akitazama soka la ndani Madison Square Garden, New York, na ligi ikaanza 1987 ikiwa na timu nne. Uwanja unakaa juu ya eneo la hoki ya barafu: urefu yadi 50 (kama mita 46), upana futi 85 (mita 26), na kila upande kuna eneo la kufungia lenye yadi 8. Pembeni hakuna chaki na nyasi za ziada, kuna ukuta wa kama futi 4 uliovishwa sponji nzito. Kila timu ina wachezaji 8 uwanjani badala ya 11. Nyuma ya eneo la kufungia kuna milingoti iliyoachana kwa futi 9 tu, wakati ile ya ligi kubwa ya NFL imeachana kwa futi 18 na nusu. Mlingoti wake wa kulala, yaani mtambaa panya, iko juu futi 15, dhidi ya 10 za NFL. Kushoto na kulia kwa milingoti hiyo vimetandazwa vyavu viwili, kila kimoja upana futi 30 na urefu futi 32, vikianzia futi 8 kutoka chini. Mpira wa teke ukigonga wavu na kurudi uwanjani, mchezo unaendelea.

Na hakuna kupiga mpira mbali ili kujiokoa. Katika futiboli ya nje, ambako timu ina majaribio manne ya kusonga yadi 10, iliyokwama hadi jaribio la nne humpigia mpinzani mpira umbali wa yadi 40 au zaidi. Hapa kitendo hicho hakiruhusiwi. Ukikwama, ama unajaribu kuzipata yadi zilizobaki, ama unapiga teke la pointi 3 kutoka popote ulipo.

Matokeo yake ni kwamba timu nzuri na timu ya kawaida zote hufunga katika zamu zao nyingi za kushambulia. Aliyezoea soka aifikirie kama mikwaju ya penalti: mnapokezana, mara nyingi kila mmoja anafunga, na anayekosa mmoja ndiye anayelala. Umbali kati ya timu ya 15-1 na ya 7-9 unaweza kuwa ni zamu moja iliyokufa kwa kila mechi, msimu mzima. Timu inayoikwepa zamu hiyo mara kwa mara inaonekana isiyoshindika. Usiku mmoja ikimwangukia yeye, rekodi haimsaidii.

Hesabu za zamu

Tuziangalie namba zenyewe. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la kufungia la mpinzani, ni pointi 6, na teke la nyongeza ni 1, hivyo zamu iliyofanikiwa kabisa ina thamani ya 7. Pointi 66 zinaweza kupatikana kwa tachidauni 9 zenye nyongeza zake (63) na teke moja la pointi 3. Pointi 59 ni tachidauni 8 zenye nyongeza (56) na teke moja la 3. Zipo njia nyingine za kufika hapo, lakini tofauti haibadiliki: 7, yaani zamu moja. Kwa Tampa ni finyu zaidi. 56 ni mara 8 ya 7 kamili. 55 ni tachidauni 8 ambazo moja imekosa nyongeza. Timu inaweza kufunga mara sawa na mpinzani wake na bado ikaaga mashindano kwa teke moja lililopita nje ya milingoti ya futi 9.

Kwa hiyo swali la kwanza la uchambuzi linakuwa: kila timu inapoteza zamu ngapi kwa mechi, na inazipotezaje? Tunashauri zamu zilizokufa zihesabiwe kwa sababu zake, mechi tano au sita za mwisho, kila sababu kivyake: pasi iliyonaswa, mpira ulioangushwa, jaribio la nne lililoshindwa, teke lililokosa, na saa iliyokwisha. Hazina uzito sawa. Zamu iliyokufa kwa teke lililokosa ni suala la mpigaji na huenda lisijirudie. Zamu zinazokufa kwa pasi zilizonaswa karibu na eneo la kufungia zina sababu ya kudumu, kwa kawaida kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi) anayeng'ang'ania kona ileile mabeki walishaisoma.

Wastani wa pointi kwa mechi, takwimu inayopendwa mno, una faida ndogo. Unapanda kwa sababu mpinzani naye anafunga haraka na kukurudishia mpira mapema. Timu inayocheza polepole, inayomaliza sekunde zote kabla ya kila jaribio, itakuwa na wastani mdogo wa kufunga na mdogo wa kufungwa, na anayesoma jedwali atadhani ina ulinzi hodari.

Columbus na Dallas walikuwa kundi moja, kundi la Mashariki, na timu za kundi moja hukutana nyumbani na ugenini ndani ya msimu. Hili ni jambo kubwa kwa mchambuzi. Kocha Doug Kay wa Columbus na kocha Will McClay wa Dallas hawakuwa wakikutana na wageni. Mechi za namna hii timu dhaifu hupata nafuu, maana mbinu za mkubwa zimeshaonekana zikifanya kazi dhidi yake yeye mwenyewe, si katika video za watu wengine tu.

Msimu wenye sheria mpya

Kuna jambo moja la 2007 ambalo halipaswi kusahaulika. Tangu mwanzo wa mchezo huu wachezaji wengi walicheza pande zote mbili: mpokeaji pasi akawa beki mpira unapobadili mikono, mshambuliaji wa mstari wa mbele akawa mlinzi wa mstari wa mbele. Kwotabeki, mpigaji teke na wachezaji maalumu wachache tu ndio walisamehewa. Mwaka 2007 ligi iliruhusu kubadili wachezaji bila kikomo.

Kwa timu inayosafiri, badiliko hili lina faida ya moja kwa moja. Chini ya sheria ya zamani, safari mbili ndefu mfululizo katika mtoano zilimchosha mtu yuleyule mara mbili, kwenye kushambulia na kwenye kuzuia, na uchovu huo ulionekana robo ya nne pale beki aliyekuwa amekimbia njia za pasi usiku kucha aliposhindwa kugeuka. Chini ya sheria mpya beki ni beki, anapumzika wenzake wanaposhambulia. Anayeandika juu ya mechi ya Julai 2007 kwa kuegemea kumbukumbu za misimu iliyopita, kwamba mgeni huishiwa pumzi mwishoni, anatumia kanuni ambayo sheria yake imefutwa. Na ile wiki ya mapumziko ya Dallas nayo inapungua thamani kwa sababu hiyohiyo.

Upande wa ulinzi kulikuwa na kizuizi kingine kilichomsaidia kila kwotabeki mwenye utulivu. Walinzi watatu hukaa mstari wa mbele. Nyuma yao kuna lainibeka (walinzi wa mstari wa pili) wawili, wanaoitwa Mac na Jack. Kwa sheria za 2007 Mac aliruhusiwa kuvamia. Jack alifungiwa ndani ya boksi fupi nyuma ya mstari na hakuweza kukimbilia kwotabeki wala kurudi nyuma kuzuia pasi apendavyo. Mabeki watatu wanabaki na wapokeaji watatu, na mmoja wa wapokeaji hao anaruhusiwa kuanza kukimbia mbele kabla mpira haujaanzishwa, kitu ambacho NFL ni kosa. Anapofika kwenye mstari tayari yuko kasi kamili, na beki wake bado amesimama.

Ndiyo maana jina la kwanza la kulitaja kabla ya mechi ni la kwotabeki. Dallas walikuwa na Clint Dolezel, mmoja wa warushaji wakubwa katika historia ya mchezo huu. Columbus walikuwa na Matt D'Orazio.

Ugenini, kitu kinachobadilika kweli ni nyavu na kelele

Watu husema "uwanja ni uleule yadi 50 popote uendapo". Vipimo ni vilevile, lakini wavu ni kitu kilichofungwa kwa mikono ya mafundi wa ukumbi husika, na hakuna nyavu mbili zinazorudisha mpira kwa namna moja. Wavu uliokazwa sana unautema mpira yadi kadhaa mbele. Uliolegea unaumeza, na mpira unadondoka karibu na ukuta. Kisha kuna chuma kinachoushikilia wavu na milingoti: mpira ukigonga chuma unaruka pembe isiyotabirika na kumpita mpokeaji kabla hajainua mikono.

Teke la kuanzia hupigwa kutoka mstari wa goli wa timu inayopiga, kwa hiyo mpira unasafiri yadi 58 kufika kwenye wavu wa upande wa pili. Mpigaji hodari halengi mbali tu. Analenga sehemu ya wavu anayojua inatema vibaya. Mpokeaji mgeni aliyezoea wavu wa nyumbani kwake husimama mahali alipozoea, mpira unadunda mbele yake au unazama nyuma yake, anaushika mara mbili mbili, na wakati huo wapinzani wameshafika. Mpira ni halali kwa yeyote. Wakiuchukua wao, umepoteza zamu ambayo hata hukuianza, na kwa hesabu tuliyofanya hapo juu hiyo inatosha kuamua mechi.

Dawa yake ni kazi ya saa moja kabla ya mechi. Mpigaji apige mipira nyavu zote nne, kila moja sehemu tatu: chini karibu na ukingo, katikati, na juu karibu na chuma. Mpokeaji asimame hapohapo, si mtu mwingine amsimulie, na achague hatua zake kwa kila wavu. Wakati huohuo atembee kando ya ukuta akibonyeza sponji kwa kiganja, hasa kwenye milango ya kuingilia wachezaji, ambako vipande viwili hukutana na mara nyingine huacha ufa. Zulia nalo hulazwa kwa vipande; pale vinapoungana mguu unaweza kukwama au kuteleza. Mchambuzi akifika ukumbini mapema akaona timu ngeni imefanya haya yote, na mwenyeji yuko chumbani kwa sababu "hapa ni kwetu", ameshapata kitu cha kuandika.

Kelele ni jambo la pili. Chini ya paa sauti haina pa kwenda, na watazamaji wa safu ya kwanza wako hatua mbili tu kutoka ukutani. Mwenyeji akishambulia ukumbi hunyamaza; mgeni akishambulia unalipuka. Anayeumia kwanza ni senta (anayeanzisha mpira kwa kumrudishia kwotabeki) na wenzake wawili wa mbele: hawasikii hesabu ya kwotabeki, wanasubiri kuuona mpira ukisogea, na mlinzi wa mbele anawatangulia kwa nukta ya sekunde. Matokeo ni kwotabeki kuangushwa, au mtu kuanza mapema na kutozwa yadi 5. Katika uwanja wa yadi 50 hizo 5 ni sehemu ya kumi ya safari yote. Timu inayosafiri vizuri huwa na ishara ya kimya, kwa mfano senta kugongwa pajani na jirani yake kisha kuhesabu moyoni kabla ya kurudisha mpira. Angalia mechi zao za ugenini za mwezi uliotangulia, uhesabu walitozwa mara ngapi kwa kuanza mapema. Namba hiyo moja inasema mengi kuliko "wana rekodi mbaya ugenini".

Dakika ya mwisho

Robo nne za dakika 15 zinapita haraka, kwa sababu saa inatembea karibu muda wote. Pasi ikianguka, haisimami. Mtu akitolewa nje, haisimami. Lakini ndani ya dakika ya mwisho ya kila nusu mambo yanabadilika: saa husimama kwa pasi isiyofika na kwa mchezaji kutoka nje, kama kwenye futiboli ya nje.

Mwishoni mwa robo ya nne kuna masharti zaidi. Timu inayoongoza hairuhusiwi kupiga goti na kuacha saa iishe. Jaribio lisilovuka mstari wa kuanzia linasimamisha saa. Kwa hiyo anayeongoza kwa pointi 7, akiwa na mpira na sekunde 40, bado ana kibarua: lazima asonge mbele kila jaribio, walinzi wote wanajua hilo, nao hawalengi kumwangusha tu, wanalenga kumpokonya. Na akifunga anampa mpinzani mpira na muda wa kutosha kurudi, kwa maana sekunde 25 katika uwanja huu zinatosha kwa tachidauni. Tumeona timu zikisimama yadi moja kabla ya mstari kwa makusudi, na timu zilizo nyuma zikifungua njia ili mpinzani afunge upesi.

Mwisho wa nusu ya kwanza una utajiri wake pia. Aliyepangiwa kupokea teke la kuanzia kipindi cha pili akifanikiwa kufunga kwa zamu ya mwisho ya kipindi cha kwanza, anapata zamu mbili bila mpinzani kugusa mpira katikati. Hiyo ndiyo nafasi ya halali zaidi ya kutengeneza pengo kati ya timu mbili zinazofunga kila mara. Mgeni akishinda kura ya sarafu, tungemshauri achague kupokea kipindi cha pili, kisha arudi nyuma kupanga saa yake ya kipindi cha kwanza kuanzia mwisho wake.

Kwa kuyaweka haya yote pamoja, aya ya kufungulia uchambuzi wa Columbus dhidi ya Dallas ingekuwa na sura kama hii:

*"Dallas ni timu bora na ndiyo inayopewa nafasi. Lakini timu hizi ni za kundi moja na zinajuana, Columbus hawachezi tena pande zote mbili kwa sheria ya mwaka huu, na kwotabeki wao ametoka kumaliza mechi ya pointi moja ugenini bila kupoteza mwelekeo. Tutazame teke la kuanzia la kwanza: mpokeaji wa Columbus amesimama wapi? Tutazame mara ngapi mstari wao wa mbele unaanza mapema robo ya kwanza. Ikifika mapumziko bila wao kupoteza zamu kwa kelele wala kwa wavu, Dallas watalazimika kushinda kwa dakika ya mwisho, na dakika ya mwisho haitazami rekodi."*

Hakuna utabiri wa ushindi wa Columbus humo, na haukuhitajika. Msomaji anapewa vitu vitatu vya kuviangalia kwa macho yake.

Baada ya Dallas, Columbus walikwenda Georgia, timu iliyokuwa imeshinda 14 na kupoteza 2, wakashinda tena, 66-56. Mechi tatu za ugenini, tofauti ya pointi 1, 7 na 10. Walifunga 56, 66 na 66. Walifungwa 55, 59 na 56. Ulinzi wao haukuwa ukuta hata mara moja. Kilichowabeba ni kwamba mashambulizi yao hayakukauka.

Fainali ilichezwa New Orleans tarehe 29 Julai 2007 dhidi ya San Jose SaberCats, wakapigwa 55-33. Tazama namba ya kwanza kabla ya kusema ulinzi uliwaangusha. Pointi 55 ndizo walizoruhusu Tampa wakashinda, na ni chache kuliko walizoruhusu Dallas na Georgia. Kilichovunjika ni upande wa pili: timu iliyokuwa na wastani wa karibu 63 katika safari tatu ilibaki na 33. San Jose walizikausha zamu za kwotabeki ambaye hakuwa amezuiwa na mtu mwezi mzima. Mwaka uliofuata D'Orazio alikuwa Philadelphia Soul, akakutana na San Jose walewale, mji uleule, fainali tena. San Jose walifunga 56, pointi moja zaidi ya zile zilizowapa ubingwa. Philadelphia walifunga 59, na D'Orazio akachaguliwa mchezaji bora wa fainali.